Bosi anataka wote wasaini "naridhia taarifa zangu zitumike kwa matumizi yoyote"

Shikamoo Mzee,

Mimi ni binti wa miaka 29, nipo Mwanza, maeneo ya Kirumba. Nafanya kazi kwa baba yangu mdogo. Ana biashara ya kukausha na kufungasha dagaa, na pembeni ananunua mabondo ya sangara, yaani vile vibofu vya hewa vya samaki, na kuwauzia wanaosafirisha nje. Kwa jina naitwa karani, lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye ofisi nzima: mikataba, mahudhurio, malipo, NSSF na mafaili yote yapo kwangu. Wafanyakazi wa kudumu ni kumi na nane. Vibarua wanategemea mwezi. Wakati wa giza, dagaa wakiwa wengi, tunaita hata akina mama arobaini wa kuanika na kuchambua. Mbalamwezi ikishika wanarudi kwao, na giza linalofuata wanakuja wengine kabisa.

Hivi karibuni dada mmoja wa kufungasha, mjamzito, alileta ED, yaani karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, ya siku saba kutoka kituo cha afya. Kwenye ile karatasi daktari aliandika kila kitu, kwamba mimba inatishia kutoka, na vipimo alivyofanyiwa. Aliikabidhi kwa msimamizi wa zamu. Msimamizi akaipiga picha akamtumia baba mdogo, na baba mdogo kwa hasira akaitupia kwenye grupu la WhatsApp la kazini na maneno haya: "Hawa ndio wanaotuangusha kipindi cha giza." Kwenye lile grupu wamo mawifi wawili wa huyo dada, na alikuwa hajamwambia mtu ukweni. Mimba imesimama, ameshukuru Mungu, amerudi kazini, lakini haongei na mtu. Ameniambia kaka yake amemshauri aende Tume. Baba mdogo alivyosikia akacheka: "Tume gani? Kwani nimemfukuza?"

Pamoja na kucheka aliogopa, maana kesho yake alikwenda steshenari wakamchapia fomu. Inasema hivi: "Mimi ............ naridhia kwa hiari yangu taarifa zangu zote zikusanywe, zitumike na kutolewa kwa mtu yeyote kwa matumizi yoyote ambayo mwajiri ataona yanafaa, na sitadai chochote." Nimepewa nakala sitini. Nisainishe wote Jumamosi kabla ya malipo, na asiyesaini asubiri mshahara.

Yapo na mengine. Kuna jamaa wa mikopo, hii ya kausha damu, anataka orodha ya wafanyakazi wote: namba za simu, namba za NIDA, mishahara, na majina ya watu wa karibu waliowaandikisha kwenye mafaili. Baba mdogo ameshamwahidi. Pili, tumenunua mashine ya alama za vidole kwa sababu watu walikuwa wanasainiana, na alama za vibarua wa tangu mwaka jana bado zimo. Tatu, mabondo yamepungua stoo mara mbili, sasa fundi anakuja kufunga kamera na moja imepangwa chumba cha kubadilishia nguo. Nne, baba mdogo anataka wote wakapime afya na majibu yote aletewe yeye mezani, "mpaka ile ya damu".

Mzee, fomu hiyo ikisainiwa tutakuwa salama? Na kama si salama, nitamwambiaje mtu aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza? Halafu jingine dogo: juzi nilinunua karanga pale mwaloni nikakuta zimefungwa kwenye mkataba wetu wa zamani, jina na sahihi ya mtu vinaonekana. Makaratasi ya zamani tunayauza kwa kilo. Hilo nalo ni kosa?

Karani, Kirumba


JIBU

Marahaba, binti yangu.

Nianze na fomu kwa kuwa ndiyo yenye siku. Usiisambaze Jumamosi. Haitamkinga baba yako mdogo na lolote, na kwa namna anavyotaka isainiwe itamwongezea kosa juu ya kosa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, na mwenye dagaa Kirumba hajaachwa nje. Inamtaka mkusanyaji, kabla hajachukua taarifa, amweleze mwenyewe anazichukua kwa kazi gani na atampa nani. Sasa soma tena fomu yenu: "matumizi yoyote", "mtu yeyote". Mambo mawili ambayo sheria imetaka yatajwe, fomu imekataa kuyataja. Akienda nayo mbele ya Tume atakuwa amebeba ushahidi dhidi yake mwenyewe, tena nakala sitini.

Kisha hiyo "hiari". Mama aliyechambua dagaa wiki nzima, akaambiwa saini ndipo upewe chako, hajaridhia kitu. Amesaini apate hela ya unga. Na mshahara wenyewe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haijauweka rehani: kazi imefanyika, siku ya malipo imefika, mtu analipwa. Kumzuilia kwa sababu ya fomu ni mgogoro mwingine kabisa wa kazi, na huo ataushindwa mapema.

Ila nataka baba mdogo aelewe jambo ambalo litamfurahisha. Kwa sehemu kubwa ya kazi zako hapo ofisini hahitaji ridhaa ya mtu. Unapopeleka jina na mshahara NSSF, unapopeleka kodi TRA, unapochangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unatimiza sheria, huombi ruhusa. Mkiajiri kijana aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mnamkata asilimia 15 ya mshahara mnaipeleka Bodi, hata akinuna. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila karatasi na kila ombi ni hili: naifanyia kazi gani, na nani ameniruhusu? Ikiwa ni sheria, endelea. Ikiwa ni mkataba wenyewe wa kazi, kama namba ya akaunti ya kumlipia, endelea. Ikiwa ni kwa sababu bosi ameahidi rafiki yake, simama hapo hapo.

Nije kwa dada wa ED, maana huyu ndiye aliyeumizwa na wengine bado.

Taarifa za afya sheria imeziweka kwenye kundi la taarifa binafsi nyeti, pamoja na alama za mwili, dini, mambo ya unyumba na miamala ya fedha ya mtu. Hizi haziguswi bila ridhaa ya maandishi, isipokuwa pale sheria nyingine inapotaka au kwa sababu chache zilizotajwa. Kutangaza kwenye grupu kwamba mimba ya mtu inatishia kutoka haimo katika sababu hizo hata ukizipanua namna gani. Sheria ina adhabu kwa anayetoa taarifa za mtu kinyume cha utaratibu. Akiwa mtu binafsi faini inaanzia shilingi laki moja hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Ikiwa ni kampuni inaanzia milioni moja hadi bilioni 5. Sisemi baba yako mdogo atafungwa miaka kumi kwa picha moja. Nasema asicheke.

Kauliza Tume gani. Zipo mbili na zote zinamhusu. Anayoifahamu ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ipo hapo hapo Mwanza na inashughulika na migogoro ya kazi. Aliyeachishwa ana siku 30 za kufungua lalamiko, na migogoro mingine ina siku 60. Ya pili ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, makao yake Dodoma, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Hiyo haingoji mtu afukuzwe. Anayeona taarifa zake zimetumika vibaya anapeleka lalamiko, Tume inachunguza, na mwenye kosa anaweza kupewa notisi ya kurekebisha, kutozwa faini, na kuamriwa kumlipa fidia aliyeathirika. Kwa hiyo "kwani nimemfukuza" si utetezi kwa Tume hii.

Na akithubutu kumfukuza sasa, kwa kuwa anataka kulalamika au kwa kuwa ni mjamzito, atakuwa amezifungulia zote mbili mlango kwa siku moja. Kumwachisha mtu kwa ajili ya ujauzito sheria ya ajira inaita si halali moja kwa moja, na kazi ya kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa nyingine inamwangukia mwajiri. Hata kumhamisha ghafla kutoka kufungasha kwenda kubeba magunia kutasomeka hivyo hivyo.

Afanye nini basi? Picha ifutwe kwenye grupu leo. Programu ikikataa kwa kuwa siku zimepita, afute alivyoweza na aandike ujumbe mfupi, bila kumtaja dada wala ugonjwa: "Humu niliweka karatasi ya mfanyakazi ambayo haikupaswa kuwekwa. Kosa ni langu. Aliyehifadhi picha hiyo aifute, na isitumwe popote." Akiongeza neno lolote la kujieleza, kwa mfano "ile ya mimba", atakuwa ameitangaza upya. Msimamizi naye afute iliyo kwenye simu yake. Kabla ya ujumbe huo kwenda, baba yako mdogo azungumze na dada mwenyewe, na wewe au mama yako mdogo mkiwepo, amwombe radhi na amuulize anataka nini. Labda atataka mawifi waelezwe na mtu mzima. Labda atataka tu yaishe. Msimpe fedha kwa masharti ya kusaini kwamba hatalalamika. Nimesoma mafaili ya migogoro ya kazi ya kutosha kujua karatasi hizo huwa zinasomwa vipi mbele ya msuluhishi.

Baada ya hapo utaratibu ubadilike. ED inaletwa kwako kwenye bahasha, unaiweka kwenye kabati lenye kufuli, na msimamizi anaambiwa "fulani hayupo mpaka Alhamisi" basi. Yeye anahitaji kujua mikono mingapi ipo kwenye meza ya kufungasha. Ugonjwa haumsaidii kupanga zamu. Kwa ujauzito, kinachokuhusu kama ofisi ni tarehe ya kujifungua inayotarajiwa, ili mpange likizo ya uzazi, siku 84 zenye malipo, au 100 akijaliwa zaidi ya mtoto mmoja. Kazi nzito au ya hatari kwa mjamzito mnapaswa kumwondolea. Hayo yote yanapangika bila mtu kusoma majibu ya vipimo vyake.

Jamaa wa mikopo.

Hapa natumia sauti ya ukali, binti yangu, kwa sababu unaweza kuponzeka wewe mwenyewe. Orodha itatoka kwenye mikono yako, na adhabu niliyoitaja kwa mtu binafsi haiulizi kama ulitumwa. Mishahara, namba za NIDA na simu ni za wafanyakazi. Majina ya watu wa karibu ni ya watu ambao hata si wafanyakazi wenu: bibi wa Sengerema aliyeandikishwa ili mjukuu akipata ajali yeye bibi apigiwe simu, mume anayeendesha bodaboda Igoma. Wote hao wanajua namba zao zipo kwenu kwa dharura. Mkopeshaji anazitaka ili mkopo ukichelewa ampigie bibi usiku. Kila mtu hapo mjini anajua kausha damu wanavyodai, sina haja ya kueleza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo mtandaoni zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na kudhalilisha wadaiwa kwa kuwatumia ujumbe jamaa zao kulikuwa sehemu kubwa ya malalamiko ya watu. Uliza kwanza kama huyo jamaa ana leseni ya huduma ndogo za fedha. Akiwa nayo, bado orodha hapewi.

Mpe jibu hili kwa maandishi: "Hatutoi taarifa za wafanyakazi. Mfanyakazi anayehitaji mkopo atakuja kwenu mwenyewe. Akituomba kwa maandishi uthibitisho wa ajira, tutampa yeye mkononi." Na kama mfanyakazi amekopa na anataka akatwe kwenye mshahara, makato hayo yanahitaji makubaliano yake ya maandishi. Ahadi ya baba yako mdogo kwa rafiki yake haikati mshahara wa mtu.

Mashine ya vidole ina mambo mawili, moja jepesi.

Jepesi ni kwa wale kumi na nane. Kusainiana ni tatizo la kweli na mna haki ya kulitatua. Waelezeni alama zinatumika kwa mahudhurio tu, ni nani anayeziona na zitafutwa lini, kisha waridhie kwa maandishi, kila mmoja kwa hilo peke yake. Asiyetaka apewe kadi au asaini daftari mbele yako. Bila njia ya pili, ridhaa hiyo inakuwa jina tu. Mwite pia fundi aliyeifunga akuambie kama mashine inatunza alama ndani yake au inazipeleka kwenye seva nje ya nchi, kwa sababu kusafirisha taarifa nje kuna masharti yake na kibali chake. Mashine nyingi za bei ya chini zina programu ya simu inayopeleka huko bila mnunuzi kujua. Mara nyingi inazimika kwenye mipangilio.

Gumu ni vibarua. Mama anakuja giza moja, anachambua dagaa siku kumi, anaondoka, na pengine hamtamwona tena. Kwa nini alama ya kidole chake iwe kwenu mwaka mzima? Kidole hakibadilishwi kama namba ya siri. Kwa vibarua rudini kwenye daftari: jina, siku, ndoo alizochambua, malipo, sahihi. Alama za walioondoka zilizomo kwenye mashine zifute wiki hii, na andika mahali kwamba umezifuta na tarehe.

Usichanganye hapa, maana wengi wanachanganya. Sheria ya ajira inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za ajira kwa miaka mitano baada ya mtu kuondoka: masharti ya kazi, malipo, saa. Kwa hiyo daftari la malipo usilichome ukidhani unatii sheria ya taarifa. Mgogoro ukija mwaka wa tatu, asiye na daftari ni mwajiri na ndiye atakayeaibika. Ila kidole, ED ya zamani, na kivuli cha kadi ya kliniki haviko kwenye kumbukumbu hizo.

Kamera ya chumba cha kubadilishia nguo: hapana. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, na hakuna bondo lenye bei ya kuruhusu kuwarekodi akina mama wakivua nguo. Mwambie fundi kabla hajatoboa ukuta. Akishafunga, hata isipowashwa, habari itafika mwaloni kabla ya saa sita. Mlango wa stoo ya mabondo, mizani, na geti, hapo ni sawa. Bandikeni tangazo la Kiswahili kwamba kamera ipo na ni ya ulinzi wa mali, amueni picha zinakaa siku ngapi kabla ya kufutwa, na anayezitazama ajulikane. Ziwe kwenye simu ya baba mdogo peke yake? Simu hiyo ndiyo iliyotuma ED kwenye grupu. Afadhali ziwe kwenye kifaa cha ofisini.

Na tukiwa kwenye mabondo: akijulikana aliyeiba, baba yako mdogo asije akawakata zamu nzima. Makato ya hasara yana utaratibu. Iwe imetokea kazini kwa kosa la huyo mtu mwenyewe, aandikiwe kiasi na namna kilivyopatikana, apewe nafasi ya kupinga, asidaiwe zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kukata kumi kwa kosa la mmoja hakupo.

Afya. Wanaoshika chakula wanapimwa, na sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inataka uchunguzi wa afya kwa wafanyakazi. Hilo ni sahihi kabisa. Ila kinachorudi mezani kwa mwajiri ni kama mtu anafaa kwa kazi hiyo, hafai, au anafaa kwa masharti. Majibu yenyewe yanabaki kati ya mtu na daktari. Na "ile ya damu", kama anamaanisha VVU, asiitamke tena mbele ya wafanyakazi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa, na kuajiriwa kuanika dagaa si mojawapo. Sheria ya ajira nayo inakataza kumbagua mtu kwa hali hiyo. Dagaa hawaambukizi mtu VVU, hilo tulishamaliza kulijadili nchi hii zamani.

Jambo la usajili ni fupi. Wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wanatakiwa kujisajili Tume na kupata cheti, kinadumu miaka mitano. Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa Tume. Usianzie hapo. Ofisi iliyosajiliwa huku ikigawa NIDA kwa mkopeshaji bado inavunja sheria. Safisha kwanza, kisha sajili, ila usikae nalo mpaka mwakani.

Sasa namna ya kumwambia. Usimwendee ofisini wafanyakazi wakiwa wanapita, na usimwendee na neno "sheria" mkononi kama afisa wa kazi. Nenda nyumbani jioni, na kama mama yako mdogo ndiye anayemsikiliza, mwone yeye kwanza. Mwambie: baba, fomu hii inaandika kosa letu kwa mkono wetu, na orodha ikitoka mimi ndiye nitakayeulizwa kwa jina. Hoja ya pili itamfikia hata kama ya kwanza hataielewa. Mtu aliyekulipia ada hataki kukuona umesimama mbele ya mpelelezi kwa ajili ya rafiki yake wa mikopo.

Uwe na kitu cha kumpa badala ya fomu. Andika karatasi moja ya Kiswahili chepesi ya kubandika ukutani na kuambatisha kwenye mkataba: tunachukua nini kwako, kwa kazi gani, tunampa nani (NSSF, TRA, Mfuko wa Fidia, benki), tunatunza kwa muda gani, na ukitaka kuona au kusahihisha kilichoandikwa kuhusu wewe, mwone karani. Sheria inampa mfanyakazi haki ya kuona taarifa zake na kudai zilizokosewa zirekebishwe, kwa hiyo mtu akija kuomba faili lake usimnunie. Karatasi hiyo haihitaji asaini kuruhusu lolote. Inahitaji asome, na kwa wasiosoma wasomewe, kwa Kisukuma ikibidi.

Akikataa yote, je? Orodha bado usiitoe. Mwandikie ujumbe wa heshima kwamba umeshindwa kwa sababu hizi, na ubaki na nakala. Kazi nyingine endelea nayo kama kawaida. Msishindane, na usiwaambie wafanyakazi kwamba umekataa kwa ajili yao, hiyo itageuka siasa ya ofisini na utakosa pande zote mbili.

Karatasi za karanga, ndiyo, ni kosa, na ndilo rahisi kuliko yote kulimaliza. Mikataba ambayo miaka mitano imeshapita tangu mtu aondoke, vivuli vya NIDA vya walioomba kazi wakakosa, ED za zamani: chana, choma kwenye pipa nyuma ya vichanja vya dagaa, simama hapo mpaka viishe. Ambayo miaka haijatimia rudisha kabatini. Ufunguo uwe mmoja kwako na mmoja kwa baba yako mdogo, na anayenunua karatasi kwa kilo mpeni maboksi.